Nguvu za siku moja: kuishi na sikoseli bila kujimaliza

Karibu kila kikundi kina mwanachama ambaye leo analima hadi saa sita, na kesho hatoki nyumbani. Wengine husema ni mvivu, na daftari la faini linafunguliwa. Kabla hatujaandika jina lake, hebu tuelewe.

Tuchukue ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Hapa Kenya unaonekana sana Nyanza, Magharibi na Pwani. Mtu huzaliwa nao, akiwa amerithi kutoka kwa baba na mama. Si laana, wala hauambukizi.

Chembe nyekundu za damu hubeba oksijeni mwilini. Kwa mtu asiye na ugonjwa huu, chembe moja huishi siku 120 hivi. Kwa mwenye sikoseli, chembe hupinda kama mundu na kufa baada ya siku 10 hadi 20. Mwili hutengeneza nyingine, lakini hazitoshi. Ndiyo maana anachoka hata kabla ya kushika jembe.

Nguvu zake ni kama mtungi mmoja wa maji wakati wa kiangazi. Ukifua nguo zote asubuhi, jioni hakuna maji ya kupikia. Hatari kubwa ni ile siku anapojisikia vizuri, kwani anataka kumaliza kazi za wiki nzima. Kujichosha sana na kukosa maji mwilini kunaweza kuleta maumivu makali, na kumlaza siku nyingi.

Afanye nini?

1. Asubuhi achague kazi mbili au tatu za lazima. Nyingine zingoje.
2. Apumzike kabla hajachoka, si baada ya kuanguka.
3. Kazi kama kuchambua maharagwe aifanye akiwa ameketi.
4. Anywe maji mara kwa mara, ajikinge na baridi, mvua na jua kali.
5. Asikose kliniki wala dawa alizopewa.

Akipata homa, maumivu ya kifua, shida ya kupumua au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, apelekwe hospitali mara moja. Hapo si suala la kupumzika tu.

Na kikundi je? Mwanachama anayeogopa faini ya shilingi hamsini atajikaza, alime, kisha alazwe. Halafu sisi wenyewe tutafanya harambee ya kulipa hospitali. Je, tumepata faida gani? Afadhali tumpe kazi anayoiweza: kuandika daftari, kuhesabu mayai, kuuza miche ya kitalu. Naye atuambie mapema siku ambazo hawezi, ili tujipange.

Kwenye mkutano wenu ujao, jadilini: sheria yetu ya faini inamtambua mgonjwa wa muda mrefu, au inamwadhibu? Kama inamwadhibu, ibadilisheni siku hiyo hiyo, na katibu aandike.