Ushindi wa Mfululizo Hauna Mganga

Upo ugonjwa mmoja unaoisumbua michezo yetu, nao ni kuihukumu timu kwa mechi zake tatu za mwisho. Ikishinda zote tatu, mwalimu husifiwa kama bingwa wa maarifa; ikifungwa zote tatu, mwalimu hufukuzwa, wachezaji huitwa wasaliti, na wapo viongozi wanaotoka usiku kwenda kumtafuta mganga. Tunaona ni wajibu wetu kulitazama jambo hili kwa utulivu, na mfano wetu tunauchukua Morogoro.

Tangu 1968 hadi 1972, Young Africans ilitwaa ubingwa wa ligi mara tano mfululizo. Tangu 1976 hadi 1980, Simba nayo ikafanya vivyo hivyo. Katikati ya enzi hizo mbili, mwaka 1975, ubingwa ulichukuliwa na Mseto ya Morogoro, klabu ya kwanza ya nje ya Dar es Salaam kuupata. Mseto haikuurudia tena ushindi huo. Mkoa ulingoja hadi 1999, ilipotokea Mtibwa Sugar ya Turiani, iliyozaliwa katika mashamba ya miwa, ikashinda mwaka huo na kurudia 2000. Klabu hiyo ilidumu daraja la juu kwa zaidi ya miaka 20, ikashuka 2024, na mwaka uliofuata ikapanda tena.

Twajifunza nini? Kwanza, kwamba bahati ina sehemu yake. Timu yenye nafasi sawa ya kushinda na kutoshinda yaweza kukosa ushindi mara tano mfululizo pasipo kosa la mtu yeyote. Uwezekano wake ni 1 katika 32. Katika ligi ya timu 16, kila moja ikicheza mechi 30, itakuwa ajabu kubwa kama hapana timu itakayokumbwa na balaa hilo. Kumfukuza mwalimu kwa sababu hiyo ni kumwadhibu mtu kwa ajili ya kete.

Pili, hakuna mfululizo usio na mwisho. Young Africans ilicheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, hata Novemba 2022 ikalazwa mabao 2–1 na Ihefu huko Mbarali. Arsenal ya Uingereza nayo ilifika mechi 49 hizo hizo kabla ya kuangushwa na Manchester United mwaka 2004. Wote wawili hawakulogwa. Walikutana na siku yao.

Lakini bahati peke yake haileti ubingwa mara tano. Vijito vya milima ya Uluguru hutiririka hata wakati wa kiangazi, mvua ikiwa imekwisha zamani, kwa sababu misitu ya juu huyashika maji na kuyaachia kidogo kidogo hadi mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam. Msitu ukifyekwa, mvua nyingi hugeuka mafuriko ya siku mbili, kisha ukame. Klabu nayo ina msitu wake: timu ya vijana, uwanja wa mazoezi, mwalimu anayepewa muda, na hesabu za fedha zinazosomwa mbele ya wanachama.

Wasomaji wetu wa Visiwani wanakumbuka fahari ya mwaka 1984, KMKM ilipotwaa ubingwa wa Muungano. Fahari hiyo hairudishwi kwa kubadilisha kocha kila mwezi. Twawaomba maofisa wanaosimamia michezo, Visiwani na Bara, wanapoletewa taarifa ya timu, wasiulize tu imeshinda mara ngapi. Waulize ina vijana wangapi wanaofundishwa, na wanafanyia mazoezi wapi.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi twaongeza kwamba kukubali si kulala. Aliyefungwa leo na arudi mazoezini kesho asubuhi, na kiongozi wake ampe mpira na uwanja.