NGUO ILIYO SANDUKUNI HAIMVISHI MTU

Wazee walisema kwamba akiba haiozi. Maneno hayo ni ya kweli kwa fedha iliyowekwa benki, na kwa mahindi yaliyokaushwa vema kabla ya kutiwa ghalani. Lakini iko akiba moja iozayo, nayo imo katika nyumba nyingi: ni vitambaa vilivyokunjwa sandukuni vikingoja siku isiyofika. Humo mna leso za harusi ambazo jozi yake haijakatwa bado, kitenge alicholeta shangazi, kipande cha sare ya shule kilichobaki, na shuka lililochakaa katikati lakini zima kandoni. Ukimwuliza mwenye sanduku kwa nini havishonwi, atajibu kwamba angali akitafuta fedha ya fundi, au kwamba aogopa kuviharibu.

Hapa Londiani jambo hili lafaa kufikiriwa upesi kuliko kwingine. Mji wetu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, mvua zake ni nyingi, na unyevu wa asubuhi huingia hata kabatini. Pamba iliyofungiwa mahali pasipo hewa hushika koga. Mikunjo isiyobadilishwa miaka mingi hudhoofika hata ikakatika. Sufu huliwa na nondo, na panya hachagui. Basi mama anayeogopa kwamba mkasi utaharibu kitambaa chake hana budi kujua kwamba sanduku nalo laweza kukiharibu, tena bila kumwachia hata gauni moja.

Kushona si jambo geni katika nchi hii. Isaac Singer alipata hati ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1851, na kwa kuwa mashine ya namna hiyo yaendeshwa kwa mkono au kwa mguu, iliweza kufika mahali pasipo umeme. Reli ilipita Londiani na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Tena, mpaka gari la moshi lilipofika Eldoret mwaka 1924, mizigo mingi ya Uasin Gishu ilishushwa katika stesheni yetu ikaendelea kwa magari ya ng'ombe. Kwa njia hiyo majora ya nguo yalifika madukani bara, na mafundi wakaweka cherehani zao barazani.

Mwaka 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa chini ya idara ya serikali ya kikoloni, na katika vikundi vyake akina mama walifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na serikali ile ilikuwa na makusudi yake. Lakini mshono aliojifunza mama ulibaki mkononi mwake, naye akawafundisha binti zake. Baadaye, tangu miaka ya 1990, mitumba ilijaa masokoni, na nyumba nyingi zikaweka sindano kando. Mimi siidharau mitumba, kwa maana imewasitiri wengi. Ila nguo ya mtumba ilikatwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mwingine, nawe huna budi kuilipia leo. Bali kitambaa kilicho sandukuni kimekwisha kulipiwa. Kinachohitajiwa sasa ni uzi, sindano na moyo.

Anza na hesabu, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya jua, toa vitambaa vyote nje uvianike. Andika kila kimoja urefu wake, upana wake na aina yake. Kiinue mbele ya mwanga uone matundu, kisha ukivute kwa mikono miwili. Kikilia na kuachana, hakifai gauni, bali chaweza kufaa kitambaa cha kufutia vyombo. Vilivyo vizima vifue kabla ya kukata, kwa sababu pamba mpya hupungua ikilowa. Chukua tambara jeupe lililolowa, usugue pembe ya kitambaa: tambara likishika rangi, kitambaa hicho huchuja, na yafaa kukifua peke yake mara kadhaa kabla ya kukiunganisha na kingine.

Asiyepata kushona asianze na gauni. Aanze na foronya ya mto, ambayo ni mishono michache iliyonyoka. Ili kukata sawasawa, chomoa uzi mmoja wa kitambaa kutoka ukingo hadi ukingo. Utaacha mstari mwembamba ulionyoka kuliko uwezavyo kuchora kwa chaki. Halafu ashone mfuko wa sokoni. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku katika Kenya. Na mfuko wa kitambaa kigumu, wenye mshono maradufu chini na vishikio vilivyoshonwa kwa msalaba, hubeba viazi miaka mingi. Vipande vidogo visitupwe. Vikatwe miraba iliyo sawa, viunganishwe safu kwa safu, na chini yake ishonewe shuka kuukuu. Hilo ni tandiko la kitanda lililotoka katika takataka.

Mkono ukizoea, shona gauni la mtoto. Leso moja ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110, nayo yatosha msichana wa miaka saba. Lakini kwanza soma jina la leso hiyo. Majina mengine ni maneno ya mafumbo baina ya watu wazima, na si vizuri mtoto aende kanisani akiwa amevaa ugomvi wa jirani. Jina likiwa la heri, liache lionekane mbele, juu ya upindo, wala lisiangukie mahali pa kukalia.

Mpime mtoto kifua, kiuno, kutoka bega hadi kiuno, na kutoka kiuno hadi goti. Tuseme kifua chake ni sentimita 60. Ongeza 8 za kupumulia, upate 68. Gawa kwa mbili, upate 34 za mbele na 34 za nyuma. Kila upande wa kipande uongezewe 2 za mshono, basi upana wa kila kipande ni 38. Sketi ikatwe kwanza, katika ukingo wa leso wenye jina, kwa urefu wote wa 150. Kama kutoka kiuno hadi goti ni 45, kata 54: yaani 2 za mshono wa kiuno na 7 za upindo. Usiogope upindo mpana. Mtoto akirefuka utakunjuliwa, na gauni litadumu mwaka mwingine. Sehemu ya leso iliyobaki yatosha vipande viwili vya kifua, mikono mifupi, na utepe wa kukatwa mshazari wa kuzungushia shingo.

Kabla ya kugusa leso, kata vipande hivyo kwanza katika karatasi. Gazeti lililokwisha kusomwa lafaa sana. Karatasi ikikosewa hutupwa bila hasara, na iliyo sawa huwekwa itumike tena. Kisha ubandike karatasi juu ya kitambaa kwa pini, ukate. Shikiza vipande kwa bandi ndefu, umvishe mtoto, utazame kwapani na shingoni, ndipo ushone kwa mshono wa kudumu. Sketi ishonwe mistari miwili ya bandi pale kiunoni, nyuzi zivutwe polepole mpaka marinda yalingane na sehemu ya juu. Nyuma ya shingo acha mpasuo wenye kifungo kimoja, ili kichwa kipite. Piga pasi kila mshono kabla ya kuuvuka na mshono mwingine. Hapo ndipo kazi ya nyumbani hufanana na ya fundi.

Kwa baridi yetu leso peke yake ni nyepesi. Ishonee bitana ya flaneli sehemu ya juu, hata kama flaneli hiyo yatoka katika shati kuukuu la baba. Gauni la mama hufuata hesabu ile ile, ila kwa kitenge, ambacho mara nyingi huuzwa kwa kipande cha yadi 6: chatoa gauni, kilemba, na masalio ya kushonea aproni.

Nanyi mabwana, msiseme kwamba haya ni ya wanawake. Wengi wa mafundi waliotushonea suruali barazani ni wanaume, na mvulana ajuaye kushona kifungo chake hahitaji kwenda shuleni kifua wazi. Bwana awezaye kununua mkasi mzuri na amnunulie mkewe, kisha atoe agizo nyumbani kwamba mkasi huo usikate karatasi wala waya, maana huo ndio mwisho wa makali yake.

Januari ikifika, ada na sare hudaiwa pamoja, na kila mzazi hutafuta shilingi mahali pasipo na shilingi. Huenda sehemu ya shilingi hizo imelala chini ya kitanda, imekunjwa, na koga imeanza kuikaribia. Fungua sanduku Jumamosi hii kungali na jua.