Nafsi, Ukaimu na Akiba: Utambulisho wa Michakato katika Mifumo ya Jamii ya Unix

Katika saiba za Kibera na Kawangware, tarakilishi moja huweza kupitia mikononi mwa wateja wengi kwa siku: huyu anaomba cheti cha maadili mema kupitia eCitizen, yule anajaza fomu ya HELB, mwingine anachapisha wasifukazi. Iwapo tarakilishi hiyo inaendeshwa na Linux na wote wanatumia akaunti moja, basi kwa kiini cha mfumo watu hao wote ni mmoja. Kiini hakijui majina wala sura; kinajua nambari. Nakala ya kitambulisho iliyosahauliwa na mteja wa kwanza ni halali kusomwa na wa mwisho.

Simu ya Android, ambayo kiini chake pia ni Linux, imepindua hali hiyo. Mwenye simu ni mmoja, lakini kila programu anayoisakinisha hupewa nambari yake ya mtumiaji, na nambari hizo huanzia 10000. Programu ya mikopo na ile ya benki ni wapangaji wawili wa ploti moja, kila mmoja na kufuli lake. (Ruhusa ya kusoma jumbe ni suala jingine: hiyo hutolewa na mwenye simu kwa kidole chake mwenyewe.)

Mchakato, yaani programu iliyo kazini, hurithi nambari ya mtumiaji na za vikundi kutoka kwa mchakato mzazi. Hata hivyo, utambulisho wake una sura tatu. Upo utambulisho halisi, wa aliyeuanzisha. Upo ule ambao kiini huuzingatia kinapoamua ruhusa. Na upo uliowekwa akiba ili uweze kurejewa. Huo wa pili unafaa kuitwa utambulisho kaimu, kwani Kiswahili tayari kinatofautisha mtu na wadhifa anaoushikilia kwa muda: kaimu mwalimu mkuu hutia sahihi kwa mamlaka ya ofisi, ilhali yeye ni yuleyule.

Mfano ni kubadilisha nywila. Faili ya nywila huandikwa na msimamizi mkuu pekee, mwenye nambari 0. Mtumiaji wa kawaida huendesha programu iliyotiwa alama maalumu, na mchakato wake hukaimu nafasi ya msimamizi kwa kazi hiyo. Mbinu hii ilibuniwa na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, na ikapewa hataza mwaka wa 1979. Hatari yake ni wazi: dosari katika programu hiyo humkabidhi mvamizi mamlaka ya 0.

Ndiposa kujivua mamlaka kuna utaratibu. Huachwa kwanza vikundi vya ziada, kisha kikundi kikuu, na nambari ya mtumiaji mwisho. Mchakato ukianza kwa kuacha 0, hauna tena uwezo wa kubadilisha vikundi; unakuwa kama mweka hazina wa chama aliyejiuzulu na ufunguo wa sanduku ungali mfukoni. Isitoshe, kuacha ukaimu pekee hakutoshi, kwa sababu akiba ingalipo na mamlaka yanaweza kuchukuliwa upya. Sharti zote tatu zibadilishwe. Android hufanya hivyo kabla ya programu kuanza kutenda.

Kwa mwenye saiba, hatua iliyo karibu zaidi ni akaunti ya mgeni ambayo faili zake hufutwa mteja anapotoka.