Shindano ya Maumivu: Muulize Kwanza

Mu Kolwezi na Likasi mutu anatoka ku kuchimba, mugongo unamuuma, anapita ku duka ya dawa: "Unipige shindano ya diklofenaki, kesho niende kazi." Kidonge hataki. Lakini dawa ni ile ile moja. Shindano inafanya upesi zaidi, ni vile tu, na mugongo wenyewe haiuponyeshe.

Ampuli iko na miligramu 75 mu mililita 3, ya watu wakubwa tu. Inatosha moja kwa siku. Kama maumivu ni makali sana, mbili, saa nyingi katikati, na tako lingine. Kisha siku 2, shindano inaisha: ni vidonge.

Vijana wanaojifunza uganga wanapenda kukimbilia seringi. Kwanza muulize mugonjwa. Aspirini ilikwisha kumukatisha pumzi ao kumuvimbisha uso? Eko na kidonda mu tumbo, ugonjwa wa figo ao wa moyo? Mama eko na mimba? Kama jibo ni ndiyo, acha, umutume kwa munganga. Mu mwaka 2013, wakubwa wa dawa wa Ulaya waliikataza kwa wagonjwa wa moyo wenye hali mbaya. Na yule aliyeshinda mu shimo la joto bila maji? Figo zake zimekauka tayari. Anywe maji kwanza, shindano ingojee.

Tako ulikate mu akili vipande vine, uchome kile cha juu, upande wa inje. Chini na katikati kunapita mushipa mukubwa wa muguu. Ukiuchoma, kijana anaweza kukokota muguu maisha yote. Sindano iingie ndani sana mu nyama. Ikibaki mu mafuta, nyama inaweza kuoza. Vuta kidogo: damu ikionekana, toa, anza upya na seringi mupya. Kisha sukuma polepole. Wengine wanachanganya na vitamini mu seringi moja, ati iongeze nguvu. Hapana, hata mugonjwa akiomba.

Akimaliza asiende mbio; akae nusu saa mbele yako. Akilia moto mukali pale pale na ngozi inageuka nyeupe kisha bluu, ao muguu unakufa ganzi, ao kisha siku anapata choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali siku ile ile.