Hajakugusa, Lakini Je, Kakushambulia?

Jamaa kakurushia ngumi, ukakwepa, akacheka na kuondoka zake. Huna hata mchubuko. Kuna kosa hapo? Wengi watakwambia, "Hakuna damu, hakuna kesi." Sheria ya Uingereza inasema vingine.

Kosa linaitwa shambulio la kawaida. Adhabu yake, chini ya kifungu cha 39 cha Sheria ya Haki ya Jinai ya 1988, inafika miezi 6 jela. Jeraha si sharti. Maswali makuu ni mawili: je, kitendo kilimfanya mtu atarajie kutumiwa nguvu isiyo halali papo hapo? Na je, mtendaji alikusudia hivyo, au aliiona hatari hiyo akaendelea tu?

Neno la kushika hapo ni "atarajie". Si lazima uogope. Bondia asiyetetemeka naye analindwa. Lakini kama ngumi ilipita nyuma ya kisogo chako na hukuiona kabisa, shambulio la aina hii halipo, maana hukutarajia kitu.

Vipi kuhusu "papo hapo"? Mtu akisema atakupiga mwakani, hiyo haitoshi kwa kosa hili, ingawa huenda akashtakiwa kwa kosa jingine. Hata hivyo, majaji wameupanua mpaka huo. Mwaka 1983 waliamua kwamba mwanamume aliyemchungulia mwanamke dirishani usiku alimshambulia, japo kioo kilikuwa kati yao. Mwaka 1997, katika kesi ya Ireland, ikakubalika kwamba hata kupiga simu na kukaa kimya kunaweza kuwa shambulio, ikiwa anayepokea anahofia kudhuriwa muda huohuo.

Maneno pia yanaweza kuondoa kosa. Mwaka 1669 mtu alishika upanga wake, lakini akasema asingevumilia matusi yale kama majaji wasingekuwa mjini. Maana yake? Sitakupiga leo. Mahakama ikaona hakuna shambulio.

Kwetu haya si ya mbali. Kenya (kifungu cha 250) na Tanzania (kifungu cha 240) zina kosa hilihili katika Kanuni zao za Adhabu, lenye kifungo hadi mwaka mmoja, na mizizi yake ni sheria ya Kiingereza.

Kwa hiyo ukitishiwa, usinyamaze eti kwa kuwa hujaumia. Andika mapema: alisema nini, alifanya nini, alikuwa umbali gani, nani aliona. Jeraha huna, basi kesi yako itasimama juu ya hayo.