Mti, Jeni na Moshi wa Tanuri

Gome la muwati lina nafasi yake katika historia ya viwanda vya Thika. Miaka ya 1930, kampuni ya Premchand Raichand ilijenga kiwanda cha kutoa tanini mjini humo, na wakulima wa Kiambu na Murang'a wakawa wanabandua gome, wanalianika na kuliuza ili tanini yake ikadabaghe ngozi. Gogo lililobaki lilichomwa makaa. Hapo ndipo ilipo hasara ninayotaka kuieleza, kwa sababu mpaka leo tunauza makaa na kuuacha moshi uende zake.

Kuni zikipashwa moto mahali pasipo na hewa ya kutosha haziwaki, bali huvunjikavunjika. Wataalamu huita tendo hilo pirolisisi. Yanabaki makaa, inatoka gesi, na unatoka mvuke ambao ukipozwa hugeuka kimiminika. Ukifunga bomba refu kwenye dohani ya tanuri, kimiminika hicho huanza kudondoka: chekundu-kahawia, kikali puani, chenye harufu ya nyama iliyokaushwa kwa moshi. Kikiachwa kitulie kwa miezi michache hujigawa: lami nzito huzama chini, mafuta mepesi huelea juu, na katikati hukaa siki ya mbao. Humo mna asidi ya asetiki, methanoli na fenoli za aina nyingi. Kabla ya mwaka 1923, Wajerumani walipoanza kutengeneza methanoli viwandani kutokana na gesi, dunia iliipata kwa njia hii. Tani moja ya mbao ngumu kavu ilitoa takriban kilo 50 za asidi ya asetiki.

Kila kemikali ina chimbuko lake ndani ya mbao. Asidi ya asetiki hutoka kwenye hemiselulosi. Fenoli hutoka kwenye lignini, gundi inayoushika mti usimame. Selulosi nayo hutoa sukari maalumu iitwayo levoglukosani, endapo mbao hazina potasiamu nyingi ya kuivuruga. Kwa hiyo anayebadilisha mbao hubadilisha pia moshi wake.

Wengi hudhani kazi ya kubadilisha jeni za mti hapa ni kuongeza wingi wa kemikali hizo. Kwa maoni yangu faida kubwa iko kwenye urahisi. Kimiminika cha pirolisisi kina mamia ya kemikali, na gharama ya kuzitenganisha ndiyo huua biashara. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza jinsi walivyoupa mti wa mpopla nakala za ziada za jeni moja, na zaidi ya asilimia 90 ya lignini yake ikawa ya aina moja, siringili. Lignini ya namna hiyo hutoa fenoli za jamii chache, na mtengenezaji anajua anachokitafuta. Lakini mti nao una mahitaji yake. Ubelgiji ilipopanda mipopla iliyopunguziwa lignini, baadhi ilidumaa, kwa kuwa lignini ndiyo huiwezesha mishipa ya mti kupandisha maji.

Sisi huku tunajua subira inayotakiwa. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilianza mwaka 1971 kuzalisha kahawa inayostahimili ugonjwa wa matunda. Aina ya Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985, kwa uchavushaji wa mkono bila kugusa jeni maabarani. Leo uwezo wa maabara nao upo: Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kiko Juja, katikati ya Ruiru na Thika, na kina taasisi yake ya utafiti wa bioteknolojia. Sheria ya Usalama wa Kibayolojia, inayosimamia viumbe vilivyobadilishwa jeni, ipo tangu 2009. Brazil iliruhusu mkaratusi uliobadilishwa jeni mwaka 2015, ingawa lengo la mti ule ni kukua haraka.

Mkaratusi na muwati si miti ya asili ya Kenya, kwa hiyo chavua yake haitaingia kwenye miti yetu ya msituni. Itaingia kwenye mikaratusi ya jirani, na nyuki wake wataibeba. Jirani huyo ana haki ya kuulizwa kabla mche wa kwanza haujapandwa.

Hata hivyo, kwa mkulima ambaye tanuri lake bado ni shimo lililofunikwa udongo, jeni bora zaidi duniani litapaa na moshi. Kwa hiyo naiomba taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, na vyuo vyetu vianze na kazi iliyo karibu: kukata vipande vya mikaratusi inayopandwa sasa na vya muwati, kuvipasha moto maabarani, na kupima kila aina inatoa nini. Matokeo yatangazwe kwa wakulima, na mafundi wa makaa wafundishwe kufunga bomba. Tukishajua mti upi una moshi wa thamani, ndipo tutakapojua jeni lipi linastahili kuguswa.