Kuziba Nyufa za Kuta za Udongo

Ukuta wa udongo, hata ukiwa na boriti za mikoko, ukikauka hunywea na kupasuka. Katika nyufa hizo hujificha papasi waletao homa. Basi msiharakishe kupiga lipu. Acheni udongo wa kwanza ukauke kabisa, upasuke utakavyo. Kisha loweshani ukuta, changanyeni udongo na mchanga mwingi, mshindilie kwa kidole gumba mpaka ndani ya ufa. Kupaka juu juu ni kuwafunikia papasi nyumba yao! Saruji nayo, ikipakwa juu ya udongo, hubanduka upesi. Mwisho zibeni mwanya ulio kati ya ukuta na paa, maana mbu wa malaria hupita hapo usiku. Jikoni tu msizibe. Moshi upate njia.